Masafa Mafupi ni Yapi? Kueleza kwa Kiswahili Usanifu wa Redio ya Chipu Moja

1. Utangulizi

Katika makala haya tumekusudia kutenda mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kueleza kwa Kiswahili jinsi inavyosanifiwa redio ndogo ya kurushia na kupokea ujumbe kwa umbali wa mita chache, ambayo viungo vyake karibu vyote vimekusanywa katika chipu moja ya silikoni isiyozidi ukubwa wa ukucha. La pili ni kuyachunguza maneno ambayo tulilazimika kuyachagua, kuyakataa au kuyaunda tulipokuwa tukieleza. Tunaamini kwamba jambo la pili haliwezi kufanyika vizuri bila ya la kwanza. Orodha nyingi za istilahi zimetungwa na watu waliokuwa na kamusi mkononi lakini hawakupata kukiona kitu chenyewe kikifanya kazi, na ndiyo sababu baadhi ya orodha hizo zimebaki katika makabati.

Nakiri kwamba nimejifunza hayo kutokana na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilitakiwa na ofisi moja nitafsiri kijitabu cha maelezo ya kifaa cha kuwasaidia watoto wenye uziwi wa kadiri. Mwalimu hujifunga kipaza sauti kidogo kifuani, na sauti yake hurushwa kwa redio hadi kwenye kifaa kilichomo sikioni mwa mtoto. Nami nikaandika, bila ya wasiwasi wowote, kwamba kifaa hicho hutumia “redio ya masafa mafupi.” Siku moja nikamwonyesha kijitabu hicho fundi mmoja mzee wa redio hapa Nairobi. Alisoma mstari wa kwanza akaniuliza, “Kumbe, mwalimu, hiki kidude kitashika idhaa za ng’ambo?” Nikamjibu, “La, mzee wangu, hakivuki hata ukuta wa pili wa darasa.” Akacheka, kisha akasema, “Basi mbona umeandika kuwa ni cha masafa mafupi?”

Kijitabu kilikuwa kimekwisha gawiwa. Baadaye nilipata habari kwamba mzazi mmoja alimzuia mwanawe kukivaa kifaa hicho muhula mzima, kwa kuhofia kuwa mtoto angeingiliwa na matangazo ya redio wakati wa masomo. Mtoto huyo alikosa kumsikia mwalimu wake kwa sababu ya neno moja. Kwa hiyo suala la istilahi si mchezo wa wasomi tu.

2. Neno “masafa” na maana zake tatu

Neno masafa lilitufikia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni umbali baina ya mahali na mahali. Hii ndiyo maana inayofahamika katika usemi wa kila siku: mtu husafiri masafa marefu, na mkimbiaji hushindana katika mbio za masafa marefu.

Maana ya pili ililetwa na utangazaji. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka wa 1957, na ile ya Deutsche Welle mwaka wa 1963. Kwa miaka mingi wasikilizaji walizoea kuambiwa kwamba matangazo yanasikika katika “masafa mafupi” na mita kadha wa kadha. Kilicho kifupi hapa ni urefu wa wimbi lenyewe, yaani nafasi kutoka kilele kimoja cha wimbi hadi kilele cha pili. Urefu huo ni baina ya mita 10 na 100. Umbali ambao wimbi husafiri si mfupi hata kidogo. Mawimbi ya namna hiyo hupiga katika tabaka la juu la anga lenye chaji za umeme, yakarudishwa ardhini maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Hivyo msikilizaji wa Kiswahili alifunzwa, na akafunzika vizuri, kwamba masafa mafupi ndiyo yanayofika mbali.

Maana ya tatu imeletwa na wahandisi na wasimamizi wa mawasiliano, wanaposema “kugawa masafa” kwa vituo vya redio na makampuni ya simu. Hapo masafa si umbali wala si urefu wa wimbi, bali ni idadi ya mitetemo ya wimbi katika sekunde moja. Na idadi hiyo huenda kinyume na urefu: kadiri wimbi linavyokuwa fupi ndivyo mitetemo yake inavyokuwa mingi. Kwa hiyo “masafa ya juu” ya mhandisi ni “masafa mafupi” ya mtangazaji, na yote mawili yanaweza kuwa “masafa marefu” kwa msafiri.

Sasa tukiiangalia redio iliyomo sikioni mwa yule mtoto, tutaona kwamba urefu wa wimbi lake ni kama sentimita 12.5. Ni wimbi fupi mno kuliko yale yaliyoitwa mafupi na watangazaji. Nayo haifiki mbali. Lakini sababu ya kutofika mbali si ufupi wa wimbi, kwani mawimbi ya ukubwa huo huo yametumiwa kuwasiliana na vyombo vilivyo angani. Sababu ni kwamba nguvu iliyotiwa ndani yake ni ndogo sana.

Katika makala haya basi tutatumia maneno matatu kwa maana tatu. Masafa tutayaachia maana yake ya umbali. Urefu wa wimbi utabaki kuwa urefu wa wimbi. Na idadi ya mitetemo kwa sekunde tutaiita mrudio (wingi: mirudio), kwa sababu ni tendo la wimbi kurudia mwendo wake. Kipimo chake ni hezi: hezi moja ni mrudio mmoja kwa sekunde, megahezi moja ni milioni, na gigahezi moja ni bilioni. Redio zenyewe zinazofanya kazi kwa mita chache tutaziita redio za karibu.

3. Mfano tuliouchagua

Redio za karibu ni za namna nyingi. Sisi tutatumia mfano mmoja unaojulikana, nao ni Bluetooth. Kazi yake ilianzishwa mwaka wa 1994 katika kampuni ya Ericsson mjini Lund, Sweden, na miongoni mwa wasanifu wake wakuu alikuwa mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen. Mwaka wa 1998 makampuni matano, yaani Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba, yaliunda umoja wa kuisimamia, na kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka wa 1999.

Wanaisimu watapenda kujua asili ya jina hilo. Jim Kardach wa Intel ndiye aliyelipendekeza, kwa kumkumbuka Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya kumi, aliyepewa lakabu ya Blåtand, ambayo kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni jino la buluu. Inasimuliwa kwamba mfalme huyo aliwaunganisha watu waliofarakana, na chombo kipya nacho kilikusudiwa kuunganisha vyombo vya makampuni yaliyoshindana. Alama yake imeundwa kwa kuunganisha herufi mbili za maandishi ya kale ya Skandinavia, za H na B. Lilikuwa jina la muda tu, lakini halikupata kubadilishwa. Hili nalo ni funzo kwa watungaji wa istilahi: aghalabu neno la muda ndilo linalodumu.

Bluetooth hutumia mirudio iliyo baina ya megahezi 2400 na 2483.5. Eneo hilo lilitengwa katika mkutano wa kimataifa wa Atlantic City wa mwaka wa 1947 kwa ajili ya mitambo ya viwanda, sayansi na tiba, na ndilo linalotumiwa pia na meko ya mawimbi ya jikoni. Kwa kuwa ni kama uwanja wa umma, halihitaji leseni ya kila mtumiaji, lakini kila anayeingia lazima avumilie msongamano. Katika muundo wake wa kwanza, Bluetooth iligawa eneo hilo katika njia 79, kila moja ikiwa na upana wa megahezi moja, kuanzia 2402 hadi 2480. Vyombo viwili vinavyozungumza huhama kutoka njia moja hadi nyingine mara 1600 kwa sekunde, kwa utaratibu ambao vyote viwili vimekwisha kubaliana. Mwenye fujo akiivamia njia moja, mazungumzo yamekwisha hamia kwingine.

4. Ujumbe hupandaje juu ya wimbi?

Wimbi tupu halina habari yoyote. Linatetema tu, mara bilioni mbili na zaidi kwa sekunde, kama mtu anayeimba noti moja bila ya maneno. Wimbi hilo tunaliita wimbi mchukuzi, kwa maana halina mali yake bali hubeba mzigo wa mwingine.

Katika Bluetooth ya asili mzigo hupandishwa kwa njia nyepesi. Ujumbe wote, uwe sauti au maandishi, umekwisha geuzwa kuwa mfululizo wa moja na sifuri. Inapotakiwa kutumwa moja, mrudio wa wimbi hupandishwa kidogo, baina ya kilohezi 140 na 175 juu ya kiwango chake. Inapotakiwa kutumwa sifuri, mrudio hushushwa kwa kadiri hiyo hiyo. Kupanda na kushuka huku hulainishwa ili wimbi lisirukeruke likawasumbua majirani wa njia ya pili.

Wasomaji wanaofundisha lugha zenye toni hawatapata taabu kulielewa jambo hili. Kama vile toni ya juu na ya chini zinavyoweza kutenganisha maneno yenye vitamkwa sawa, ndivyo mrudio wa juu na wa chini unavyotenganisha moja na sifuri. Walokele wa Kongo walipeleka habari msituni kwa ngoma yenye toni mbili, na John Carrington alieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1949 kwamba, kwa kuwa maneno mengi hufanana kwa toni, mpiga ngoma hulirefusha neno kuwa fungu zima la maneno ili msikiaji asibabaike. Wasanifu wa redio hufanya vivyo hivyo. Katika Bluetooth, kichwa cha kila fungu la ujumbe, kinachotaja anayeambiwa na aina ya habari, hutumwa kila tarakimu ikirudiwa mara tatu, ili mojawapo ikiharibika njiani mbili zilizosalia zishuhudie ukweli. Urudiaji ambao mhariri angeuita uziada wa maneno ni kinga, katika lugha na katika redio.

Njia hii ina faida nyingine. Habari imo katika mrudio tu, haimo katika ukubwa wa wimbi. Kwa hiyo kikuzaji cha mwisho kinachosukuma wimbi kwenye antena hakilazimiki kuwa mwaminifu kwa ukubwa huo, na kinaweza kusanifiwa kuwa rahisi na kisichokula umeme mwingi.

5. Safari ya wimbi linalopokewa

Kurusha ni kazi nyepesi kuliko kupokea. Redio ya karibu ya daraja la kawaida hurusha nguvu ya miliwati moja. Mahali peupe, umbali wa mita 10, kinachoifikia antena ya pili ni kama sehemu moja katika milioni ya nguvu hiyo. Kuta na miili ya watu hupunguza zaidi. Kanuni ziliamuru kwamba kipokezi kiweze kusoma ujumbe hata nguvu ikibakia sehemu moja katika milioni kumi, yaani sehemu moja katika bilioni kumi ya wati. Kipokezi ni kama mtu anayetakiwa kuusikia mnong’ono wa rafiki yake katikati ya soko.

Kwanza wimbi hilo dhaifu hupitia kikuzaji cha mwanzo. Ugumu wake ni kwamba kila kikuzaji huongeza kelele yake mwenyewe, kwani elektroni zilizomo ndani yake hazitulii. Kelele ya kikuzaji cha kwanza hukuzwa na vyote vinavyofuata. Kwa hiyo msanifu hutumia umeme mwingi zaidi hapo mwanzoni ili apate utulivu, na huwa mwenye kubana matumizi baadaye.

Kisha wimbi hufika kwenye kichanganyio. Kuchuja na kusoma wimbi la gigahezi 2.4 moja kwa moja ni kazi ngumu, hivyo hushushwa kwanza hadi mrudio mdogo. Njia ya kushusha iligunduliwa na Edwin Armstrong mwaka wa 1918, alipokuwa katika jeshi la Marekani nchini Ufaransa. Ndani ya redio hutengenezwa wimbi jingine kwa chombo kiitwacho osileta, na mawimbi mawili hayo hukutanishwa. Hutokea wimbi jipya lenye mrudio ulio tofauti baina ya yale mawili. Kwa mfano, ujumbe ukiwa kwenye megahezi 2442 na osileta ikitetema kwa megahezi 2440, hutokea wimbi la megahezi 2 tu, lenye ujumbe ule ule. Hilo huchujwa na kusomwa kwa urahisi.

Neno chujio tumelitwaa kutoka jikoni bila ya haya. Chujio la nazi huzuia machicha na kuruhusu tui. Chujio la redio huzuia mirudio isiyotakiwa na kuruhusu inayotakiwa. Hatukuona sababu ya kuunda neno jipya.

6. Tatizo la kivuli

Hapa ndipo penye kiini cha usanifu wote. Tofauti ya 2442 na 2440 ni megahezi 2. Lakini tofauti ya 2438 na 2440 nayo ni megahezi 2. Kwa hiyo kama kuna chombo kingine chumbani kinachozungumza kwenye 2438, ujumbe wake utashuka na kuangukia pale pale ulipoangukia ujumbe wetu, na yote miwili itasikika kama sauti mbili katika kinywa kimoja. Mrudio huu wa pili, ulio upande wa pili wa osileta kama sura katika kioo, tumeuita mrudio kivuli.

Katika redio za zamani kivuli kiliwekwa mbali. Redio ya FM hutumia tofauti ya megahezi 10.7: msikilizaji anayetafuta 98 huwa na osileta kwenye 108.7, na kivuli kiko 119.4. Kukizuia kivuli cha mbali hivyo, chujio la kawaida mlangoni latosha. Lakini hapo msanifu huhitaji machujio ya fuwele au ya kauri, ambayo hayawezi kujengwa ndani ya silikoni. Yakiwekwa nje, redio si ya chipu moja tena. Inaongezeka ukubwa, gharama na umeme.

Njia ya pili ni kuiweka osileta juu ya ujumbe kabisa, tofauti ikawa sifuri. Kivuli kinakuwa ni ujumbe wenyewe. Njia hii inavutia kwa wepesi wake, ila ina adha mbili. Sehemu ya wimbi la osileta huvuja hadi kwenye antena, hurudi ndani na kukutana na wimbi lenyewe, ikazaa umeme usiobadilika unaoweza kuuzidi ujumbe mara nyingi. Ni kama mtu anayeshindwa kumsikia mwenzake kwa ajili ya mwangwi wa sauti yake mwenyewe. Tena, transista ndogo za silikoni zina kelele nyingi zaidi katika mirudio iliyo karibu na sifuri.

Njia ya tatu, iliyofanyiwa kazi kubwa katika miaka ya 1990 na Jan Crols na Michiel Steyaert wa Leuven, Ubelgiji, ni kuchagua tofauti ndogo isiyo sifuri, kama zile megahezi 2 za mfano wetu, na kukiondoa kivuli kwa hesabu. Wimbi linalopokewa hugawanywa mara mbili na kupitishwa katika vichanganyio viwili. Cha pili hupewa wimbi la osileta lililocheleweshwa kwa robo ya mtetemo. Matokeo mawili hayo yakichukuliwa pamoja huonyesha kama wimbi lilitoka juu ya osileta au chini yake, kama vile masikio mawili yanavyotujulisha sauti imetoka upande gani, jambo ambalo sikio moja haliwezi. Baada ya hapo upande mmoja huhifadhiwa na wa pili hufutwa.

Kufuta huko hakukamiliki kamwe, kwani njia mbili hizo hazifanani kabisa. Zikitofautiana kwa asilimia moja ya ukubwa na digrii moja ya ucheleweshaji, nguvu ya kivuli hubakia kama sehemu moja katika elfu kumi. Faida ya chipu ni kwamba transista mbili zilizojengwa bega kwa bega katika silikoni moja hufanana kuliko vifaa viwili vilivyonunuliwa dukani. Tena walioandika kanuni za Bluetooth walilegeza makusudi sharti la kuzuia kivuli, ili redio ya chipu moja iwezekane. Hapa kanuni na chombo vilitungwa pamoja, kila kimoja kikimsikiliza mwenzake.

7. Kuvikalisha vyote katika nyumba moja

Osileta yapaswa kuwa sahihi sana. Kanuni ziliruhusu kosa la kilohezi 75 tu katika megahezi 2400 na zaidi, sawa na sekunde moja hivi katika saa tisa. Osileta ya silikoni haiwezi usahihi huo peke yake, kwani huyumba kwa joto. Hivyo huwekewa msimamizi. Nje ya chipu kuna kipande kidogo cha fuwele kinachotetema kwa uthabiti, tuseme mara milioni 16 kwa sekunde. Mtetemo huo hugawanywa kwa 16 kupata megahezi moja. Wimbi la osileta nalo hugawanywa kwa 2441, na matokeo hulinganishwa na ile megahezi moja. Ikizidi hurudishwa nyuma, ikipungua husukumwa mbele. Tukitaka kuhamia njia ya pili, twabadilisha kigawanyo kuwa 2442, na osileta hufuata yenyewe.

Taabu inayofuata ni ya ujirani. Kikuzaji cha kurushia, chenye nguvu, kikikaa karibu na osileta inayotetema kwa mrudio ule ule, huivuta na kuiyumbisha. Dawa iliyozoeleka ni kuifanya osileta itetemeke maradufu, karibu gigahezi 4.9, kisha kugawanya kwa mbili. Dawa hii ina faida ya ziada, kwani ugawanyaji huo ndio unaotoa mawimbi mawili yaliyopishana kwa robo ya mtetemo, tuliyoyahitaji kwa ajili ya kivuli.

Jirani mwingine ni sehemu ya kuhesabia, yenye maelfu kwa maelfu ya transista zinazowaka na kuzimika kwa pamoja. Mapigo yake ya megahezi 16 huzaa mirudio yake ya mafungu: mara 153 ya 16 ni 2448, ambayo imo ndani ya eneo letu hasa. Mshindo huo husafiri ndani ya silikoni hadi kwa kikuzaji cha mwanzo kinachosikiliza mnong’ono. Wasanifu huizungushia sehemu ya redio ukingo wa kunyonya kelele, huipa njia yake ya umeme, na huitumia saketi zenye mikono miwili iliyopingana ili kelele inayoigusa yote miwili ijifute.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi walidhani kwamba silikoni ya kawaida ya kompyuta, aina iitwayo CMOS, haifai kwa redio. Kasoro yake kubwa ilikuwa koili. Koili iliyochorwa kama konokono juu ya silikoni hupoteza nguvu nyingi katika tabaka lililo chini yake. Kazi za Asad Abidi na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na za wengine, zilionyesha kuwa inawezekana. Kampuni ya Cambridge Silicon Radio ya Uingereza, iliyoanzishwa mwishoni mwa muongo huo, ikaiweka redio na sehemu ya kuhesabia katika chipu moja ya CMOS kwa jina la BlueCore.

Hata hivyo neno “moja” lapaswa kusomwa kwa tahadhari. Antena imebaki nje, fuwele imebaki nje, na mara nyingi kapasita kadhaa pia.

8. Jina la chombo chenyewe

Limebaki jina la chombo kinachorusha na kupokea. Wahandisi wetu husema transiva, na hatuna ugomvi nao. Baadhi ya wenzetu wamependekeza kuambatanisha mashina mawili, kama kirusha-pokezi. Neno hilo laeleweka lakini ni zito ulimini, na wingi wake husumbua.

Sisi tunapendekeza kipokezani, kutokana na kitenzi kupokezana. Watu hupokezana mzigo, kijiti au zamu: mmoja anapotoa mwingine hupokea, kisha hubadilishana. Hivyo ndivyo hasa redio hii inavyofanya. Muda wake umegawanywa katika vipande vya sehemu 625 za milioni ya sekunde. Katika kipande kimoja hiki hurusha na kile husikiliza, katika kinachofuata mambo hugeuka. Hakuna wakati ambao chombo kimoja hufanya yote mawili. Tunakubali kwamba neno hili halitafaa kwa mitambo inayorusha na kupokea kwa wakati mmoja. Kwa hiyo tunalipendekeza kwa redio za zamu tu, na transiva ibaki kuwa jina la jumla.

Wenye kuona kwamba neno la kawaida haliwezi kubeba maana ya kitaalamu wakumbuke neno simu. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni uzi wa madini, yaani waya. Wazee waliposema simu ya upepo, walikuwa wanasema, kwa asili ya neno, waya wa upepo. Leo twasema simu isiyo na waya, na hakuna anayecheka. Neno hufuata kazi linayopewa, mradi wasemaji wakubaliane na kazi hiyo isigongane na nyingine iliyo hai.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba redio ya chipu moja yaweza kuelezwa kwa Kiswahili tangu antena hadi fuwele, na kwamba maneno mengi yaliyohitajika tayari yalikuwapo: chujio, kivuli, kelele, mchukuzi, mrudio, zamu. Machache tuliyaazima, kama osileta na koili. Neno lililotuponza halikuwa geni. Lilikuwa masafa, neno tulilolizoea hata tukaacha kuliuliza.

Pendekezo letu ni kwamba istilahi yoyote ya ufundi, kabla ya kuingizwa katika orodha, itiwe kwanza katika maelezo kamili ya jinsi kitu kinavyofanya kazi, na maelezo hayo asomewe fundi wa kitu hicho. Sisi tumelifanya hilo kwa kuchelewa. Kile kijitabu kimekwisha chapishwa upya, na mstari wake wa kwanza sasa wasema kwamba kifaa hutumia redio ya karibu, ambayo haishiki idhaa yoyote na haifiki nje ya darasa. Yule fundi mzee aliusoma mara mbili, akanirudishia kijitabu bila ya kuuliza neno.